Mtoto anaandika 104 anaposikia "kumi na nne": thamani ya nafasi ianzie wapi?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Walimu wenzangu, poleni na kazi. Ninaomba ushauri kuhusu kufundisha thamani ya nafasi, yaani jinsi thamani ya tarakimu inavyotegemea mahali ilipo, katika namba za 11 hadi 19 kwa watoto wa umri wa miaka sita hivi, ambao wameshazoea namba za 0 hadi 10.

Watoto hawa wanahesabu kwa mdomo hadi 20 bila kukwama, na nikiwapa vijiti kumi na vinne wanavihesabu kimoja kimoja na kupata jibu sahihi. Shida inaanzia kwenye maandishi. Ninapotoa imla ya namba na kutamka "kumi na nne", wapo wanaoandika 104, na wachache wanaandika 41. Kundi kubwa linaandika 14 vizuri, nami ningeridhika nalo kama nisingeongeza swali moja. Niliwaomba wanioneshe, kati ya vijiti vilivyokuwa mezani, ni vipi vinavyooneshwa na tarakimu ya 4, nao wakatenga vinne. Nilipowaomba vile vinavyooneshwa na tarakimu ya 1, waliinua kijiti kimoja, na vile tisa vilivyobaki mezani bila mwenyewe havikumshangaza yeyote.

Ajabu ni kwamba watoto haohao hujaza jedwali la makumi na mamoja bila kosa. Ukiwaandikia 17, wanaweka 1 chini ya makumi na 7 chini ya mamoja, kwa kuwa wameshagundua kwamba tarakimu ya kushoto huingia chumba cha kushoto na ya kulia huingia chumba cha kulia, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya pasipo kujua lolote kuhusu kumi.

Ningependa kujua mnaliingiza jedwali wakati gani, mnamsaidiaje mtoto anayeandika 104, na kama yule wa 41 ana tatizo hilohilo au lake ni jingine.

Mkufunzi wa Hisabati za Awali

Mwalimu mwenzangu, swali ulilowaongezea watoto ndilo kipimo chenyewe, na ningewashauri walimu wote walitumie kabla ya kuamini daftari. Constance Kamii, mtafiti wa Marekani aliyewahi kusoma kwa mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, alitumia swali la namna hiyo kwa vitu 16 na namba 16, akakuta kwamba watoto wengi, wakiwemo waliokwisha kufundishwa makumi na mamoja, walionesha kitu kimoja tu kwa ile 1. Ulichokiona darasani mwako, basi, ni hatua ambayo watoto wengi hupitia, na jedwali huificha badala ya kuiondoa.

Nianze na 104, kwa sababu mtoto huyo hakuandika kwa uzembe. Amesikia kumi akaandika 10, amesikia nne akaandika 4. Ameandika kila alichosikia kwa mpangilio aliousikia. Katika mifumo mingine ya kuandika namba wazo hilo lingemfikisha: Warumi waliandika kumi kwa X kisha wakaongeza alama za nne, na Wachina huandika alama ya kumi ikifuatiwa na alama ya nne. Katika mifumo hiyo kumi ina alama yake yenyewe. Mfumo wetu hauna alama ya kumi. Una tarakimu kumi tu, kuanzia 0 hadi 9, na tukifika kumi tunalazimika kuichukua 1 tuliyoitumia tangu mwanzo na kuisogeza nafasi moja kushoto. Masikio ya mtoto hayawezi kumwambia jambo hilo. Jina "kumi na nne" linamfaa sana kwa kuwa linataja kumi waziwazi na kutaja kilichozidi, lakini halisemi kwamba ile 0 ya 10 itaondoka pale mamoja yatakapokuja kukaa mahali pake. Kumkemea, au kumfutia na kumwandikia 14 anakili mara kumi, kunamfundisha umbo la namba hiyo moja tu, na wiki inayofuata ataandika 106.

Kabla ya maandishi, mtoto anapaswa kukubali jambo ambalo sisi watu wazima tumelizoea hata hatulioni tena, nalo ni kwamba vitu kumi vinaweza kuhesabiwa kuwa kimoja bila kuacha kuwa kumi. Ana mfano mdogo wa jambo hilo katika jozi ya viatu, ambayo ni moja na papo hapo ni viatu viwili. Kumi ni jozi iliyokua. Mpe vijiti vinavyozidi kumi lakini visifike ishirini, usimwambie idadi yake, umwambie atoe kumi, avifunge kwa mpira, aweke tita hilo upande wa kushoto na vilivyobaki avipange kulia. Kisha aseme anachokiona: "tita moja na vijiti vinne." Halafu aseme: "kumi na nne." Kauli hizo mbili zifuatane kila mara, mpaka ya pili isikike kuwa jina fupi la ile ya kwanza.

Hapa ninasisitiza jambo moja ambalo walimu wengi hulipuuza kwa nia njema ya kuokoa muda: mtoto afunge tita mwenyewe. Tita lililofungwa na mwalimu kabla ya kipindi, kwa mtoto, ni kijiti kinene tu. Aliyehesabu kumi, akavuta mpira na kuuzungusha mara mbili ili vijiti visiteleze, anajua kilichomo ndani kwa sababu amekiingiza yeye.

Baada ya hapo ndipo zije kadi. Kata kadi ya 10 iwe na upana wa tarakimu mbili, na kadi za 1 hadi 9 ziwe na upana wa tarakimu moja, sawasawa na upana wa ile 0. Mtoto anayeandika 104 aziweke kadi ya 10 na ya 4 kando kwa kando ili aione 104 yake mwenyewe, kisha aisukume kadi ya 4 mpaka iifunike 0. Inasomeka 14. Aiinue tena ukingo, na chini yake 0 ipo palepale, na 10 haijaenda kokote. Mtoto akilifanya hilo mara kadhaa huku tita na vijiti vikiwa mezani, ataanza kuiona 1 ya 14 kuwa ni kumi iliyofunikwa. Wazo hili ni la zamani: katika madarasa yanayofuata mbinu ya Maria Montessori, ya watoto kujifunza kwa kushika vitu, kuna ubao wenye jina la Édouard Séguin, daktari Mfaransa wa karne ya 19, ambao umeandikwa 10 mara tisa, na vibao vya 1 hadi 9 huchomekwa juu ya zile sifuri.

Jedwali liingie mwisho, na likiingia lianze na vitu vyenyewe. Chora vyumba viwili vikubwa kwenye karatasi, tita likae chumba cha makumi na vijiti visivyofungwa vikae chumba cha mamoja, ndipo tarakimu iandikwe chini ya kila chumba kwa kuhesabu kilichomo. Zoezi la kuhamisha tarakimu kutoka kwenye namba iliyokwisha kuandikwa kwenda kwenye jedwali, kwa maoni yangu, halina kazi katika hatua hii.

Kuhusu 41, angalia mkono kabla ya kuangalia karatasi. Mwambie aisome namba aliyoiandika. Akisoma "kumi na nne" bila wasiwasi, huenda anageuza mwelekeo wa kuandika kama wanavyogeuza tarakimu 3 au 7, na hilo ni la mwandiko zaidi kuliko la hisabati. Ukimkuta anaanza kuandika 4, kisha anatafuta mahali pa kuiweka 1, huyo ameshajua kwamba kuna sehemu mbili na kilichompotea ni nafasi tu. Kadi zitamsaidia haraka kuliko mwenzake wa 104, kwa sababu kadi ya 10 haiwezi kukaa kulia kwa 4 na bado ikasomeka 14.

Hesabu kwa Vitendo

Ninakubaliana na Mkufunzi kuhusu tita na kadi, ila ninapingana na desturi ya kukaa muda mrefu katika 11 hadi 19, kana kwamba mtoto asiyeielewa 14 hawezi kuguswa na 34.

Fikirieni anachokiona mtoto. Katika namba zote tisa tarakimu ya kushoto ni ileile, 1, haibadiliki kamwe. Mtoto hana sababu ya kujiuliza inahesabu nini, maana kitu kisichobadilika hakiulizwi. Kwake ile 1 ni pambo linalokuja na kila namba iliyopita tisa. Anapolazimika kufunga matita matatu na kubakiwa na vijiti vinne, kisha matita mawili na vijiti vinne, ndipo anapoona kwamba tarakimu ya kushoto inahesabu matita. Akirudi kwenye 14, ile 1 inakuwa na maana, kwa kuwa ingeweza kuwa 2 au 3 na haikuwa. Mimi huwapa watoto vijiti vingi, wafunge matita mengi kadiri wawezavyo, na 11 hadi 19 tunazifikia tukiwa tunarudi nyuma.

Na kama mnataka namba moja ya kupimia uelewa, chagueni 11. Ina 1 mbili zinazofanana kabisa kwa sura. Mtoto anayeweza kusema kwamba moja ni tita na nyingine ni kijiti, na akaonesha ni ipi, ameshaelewa thamani ya nafasi. Asiyeweza ataonesha kijiti na kijiti.

Mkufunzi wa Hisabati za Awali

Hoja yako ya tarakimu isiyobadilika ni nzito, na ya 11 nitaichukua. Hata hivyo, kuna gharama unayopaswa kuitaja. Majina yetu yanataja kumi waziwazi mpaka 19 tu. Tukifika 20, "ishirini" haimwambii mtoto kwamba ni makumi mawili, wala "thelathini" haitaji makumi matatu kwa namna ambayo mtoto wa miaka sita ataitambua. Ukimpeleka huko mapema, unamwondoa mahali ambapo lugha inambeba na kumpeleka mahali inapomwacha ajitegemee. Ninaafiki kwenda na kurudi kwa sharti kwamba kwa muda wote huo 34 isomwe kwanza "makumi matatu na nne", ndipo jina la kawaida lifuate.

Hesabu kwa Vitendo

Sharti hilo ninalipokea. Tunalifanya tayari, ingawa sikuliandika.

Mzazi wa Mtoto Mmoja

Samahani walimu, mimi si wa fani yenu, ila mwanangu anafundishwa hisabati kwa Kiingereza na nyumbani tunahesabu kwa Kiswahili. Anaandika 31 akimaanisha 13, na 61 akimaanisha 16. Je, tuache kuhesabu kwa Kiswahili nyumbani ili tusimchanganye?

Mkufunzi wa Hisabati za Awali

Ndugu mzazi, tafadhali usiache. Majina ya Kiingereza ya 11 na 12 hayamwoneshi mtoto kumi hata kidogo, na kuanzia 13 hadi 19 yanataja mamoja kwanza, kumi inafuata ikiwa imebadilika sura. Mtoto anayeandika kwa kufuata sikio ataanza na 3 na kuimalizia kwa 1, kama anavyofanya mwanao. Watoto wa Kijerumani wana kazi kubwa zaidi, kwani kwao mamoja hutangulia makumi mpaka 99. Kiswahili cha nyumbani ndicho kinachomwambia kilichofichwa na jina la shuleni. Akiwa na tita moja na vijiti vitatu mkononi, aseme "kumi na tatu", aandike, kisha alitaje jina la Kiingereza akiwa ameshaiona namba. Ukimwona anaanza kuandika mamoja, mwachie aandike, mradi aache nafasi upande wa kushoto kwa ajili ya kumi.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Ninawashukuru sana. Nimeanza na matita na kadi, na kadi inayofunika sifuri imewafurahisha watoto kuliko nilivyotarajia. Wawili waliokuwa wakiandika 104 sasa huinua kidole na kukikandamiza juu ya 0 hewani kabla ya kuandika.

Limejitokeza jambo ambalo ningependa mnifafanulie. Mtoto mmoja anafunga tita lake vizuri, analiweka kushoto, lakini nikimuuliza jumla ya vijiti anafungua mpira, anavitandaza vyote na kuanza upya kutoka moja. Nikimkataza kufungua, anahesabu ncha za vijiti ndani ya tita, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, ndipo anaendelea na vilivyobaki. Je, nimlazimishe aanzie kumi? Aidha, shuleni tuna abakasi, ile fremu ya kuhesabia yenye shanga kwenye waya, na pia vipande vya mbao vya makumi na mamoja, vile ambavyo kipande kirefu kimechorwa mistari ya kukigawa sehemu kumi. Je, nivitumie badala ya vijiti, kwa kuwa mipira inakatika na kupotea kila siku?

Mkufunzi wa Hisabati za Awali

Usimlazimishe. Mtoto huyo hana uhakika kwamba vijiti kumi vilivyofungwa vimebaki kumi, na kwa kufungua na kuhesabu tena anafanya utafiti wake kwa uaminifu. Ukimwamuru aseme "kumi" na kuendelea "kumi na moja, kumi na mbili", atatii kwa mdomo huku akiendelea kutoamini, nawe utakuwa umempoteza kwa namna ambayo huwezi kuiona. Muulize kabla hajafungua: "Unadhani utakuta vingapi?" Siku atakapojibu "kumi" na kuuacha mpira ulipo, atakuwa amefika bila kusukumwa. Unaweza pia kumfungia vijiti tisa badala ya kumi, mbele ya macho yake au kwa siri, uone kama atagundua. Watoto wa aina hii huwa wakali sana kwa tita lenye upungufu, na mjadala unaofuata ni somo zuri kuliko maelezo yangu.

Kuhusu zana, tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Vipande vya mbao unavyovisema vilienezwa na Zoltán Dienes, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria mwaka 1916, navyo ni zana nzuri, ila kipande kirefu hakifunguki. Mtoto hawezi kukivunja na kuona mamoja kumi; anapaswa kukibadilisha kwa vipande kumi vidogo na kuamini kwamba ni sawa. Abakasi inakwenda mbali zaidi: ushanga wa waya wa makumi hauna tofauti yoyote ya ukubwa na ule wa waya wa mamoja, na thamani yake inatokana na mahali ulipo tu, kama ilivyo kwa tarakimu zetu. Mtoto anayeona 1 ya 14 kuwa kijiti kimoja ataona ushanga wa makumi kuwa ushanga mmoja. Ningeanza na vijiti vinavyofungwa na kufunguliwa, vipande vya mbao vifuate, na abakasi ije wakati mtoto ameshaacha kushangaa. Mipira ikikosekana, tumieni vikopo: kumi vikijaa kikopo kimoja, kikopo kinahamia kushoto.

Hesabu kwa Vitendo

Niongeze sababu nyingine ya kutovitupa vijiti, nayo ni kutoa. Watoto wakishaizoea 13 kuwa tita moja na vijiti vitatu, waambie wakupe vijiti vitano. Watakupa vitatu, kisha watasita, watalitazama tita. Kulifungua wakati huo kuna sababu, tofauti na kulifungua ili kuhakikisha. Wakitoa viwili kutoka kwenye kumi wanabaki na vinane, na wameshafanya, bila kujua jina lake, kazi yote ambayo baadaye tutaiita kuchukua kutoka makumi. Kwa kujumlisha ni kinyume chake: vinane na vitano, anavuta viwili kutoka kwenye vitano ili kutimiza kumi, anafunga, vinabaki vitatu. Watoto niliowaona wakihangaika na kutoa kwa kuchukua katika madarasa ya juu, mara nyingi walikuwa hawajawahi kufungua tita hata mara moja. Walifundishwa kukata tarakimu moja kwa kalamu na kuweka nyingine juu yake.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mmenisaidia. Swali langu la mwisho ni kuhusu 20. Watoto wakifika 19 wakaongezewa kijiti kimoja, baadhi wanasema "kumi na kumi", na mmoja ameandika 110. Nimsahihishe hapohapo?

Mkufunzi wa Hisabati za Awali

"Kumi na kumi" ni jibu sahihi kwa hesabu, kwa hiyo lipokee na umuulize mamoja yake yako mangapi. Atakuambia kumi. Mwambie afanye kile anachofanya kila akipata vijiti kumi, naye atafunga. Sasa ana matita mawili upande wa kushoto na kulia hakuna kitu, na hapo umuulize chumba kisicho na kijiti aandike nini. Aliyeandika 110 ana kadi ya 10 mbili kichwani. Mpe kadi ya 20, alinganishe na matita yake, na umwache aseme mwenyewe kwa nini inaanza na 2. Jina "ishirini" umpe baada ya hapo.

Hesabu kwa Vitendo

Na siku hiyo hiyo arudishe kijiti kimoja, afungue tita la pili, aandike 19 tena. Kwenda 20 na kurudi mara kadhaa kutamfaa kuliko kukimbilia 21.